Sura ya Tano: Wasiwasi Ukikosa pa Kukaa

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mtoto mmoja wa Kihungari aliishi kwa muda katika kambi ya wafungwa nchini Italia. Alizaliwa mwaka 1934 katika mji wa Fiume, ambao siku hizi unaitwa Rijeka na uko Kroatia. Baba yake alikuwa mwanadiplomasia. Kaka yake mmoja aliuawa Budapest ilipozingirwa, mwingine akapelekwa kwenye kambi za kazi za Kisovieti. Watu wazima waliomzunguka, waliokuwa na vyeo, nyumba na heshima zao, walipoteza vyote, na wengi wao hawakuinuka tena. Kambini mtoto huyo akajifunza sataranji. Kila alipoketi mbele ya ubao, kambi ilimtoka akilini pamoja na habari mbaya za jana na hofu ya kesho. Kulikuwa na farasi wa kumlinda na mfalme wa kumbana, basi.

Jina lake ni Mihaly Csikszentmihalyi. Mwaka 1956, akiwa kijana wa miaka 22, alivuka kwenda Marekani kusoma saikolojia katika Chuo Kikuu cha Chicago, na katika utafiti wake wa mwanzo aliwachunguza wanafunzi wa sanaa wakiwa kazini. Mchoraji ambaye picha inamwendea vizuri alisahau kula, alisahau kulala, saa zikapita asijue. Picha ikishakamilika, aliigeuzia ukutani akaanza nyingine, wala haikumshughulisha tena. Csikszentmihalyi akajiuliza ni malipo gani hayo anayoyapata mtu kabla kazi haijaisha. Aliwafuata wapanda milima, wachezaji wa sataranji, wacheza dansi na madaktari wa upasuaji, akawahoji, na mwaka 1975 akatoa kitabu cha kwanza juu ya hali hiyo ambayo mimi hapa ninaiita kuzama: pale mtu na kazi yake wanapokuwa kitu kimoja, nafsi inanyamaza, na mkono unajua la kufanya kabla hujauagiza.

Walichomwambia watu wale, pamoja na tofauti zao zote, kinafanana kwa namna ya kushangaza. Kazi lazima ijulikane inataka nini. Lazima ikujibu papo hapo kama umepatia au umekosea. Na ugumu wake lazima ulingane na uwezo wako, uzidi kidogo tu. Kazi ikiwa nyepesi mno unaboreka. Ikiwa nzito mno unashikwa na wasiwasi. Katikati yake kuna njia nyembamba, na humo ndimo watu huzama.

Vitabu vingi vya kujiendeleza vinapofika hapa huruka moja kwa moja kwenye furaha ya kuzama. Mimi nataka tukae kwanza kwenye wasiwasi, kwa sababu ndio unaowazuia watu ninaowafahamu. Ni wachache sana wanaokosa kuzama kwa sababu kazi yao ni rahisi. Wengi wanaamka na tumbo joto, wanaikabili kazi roho ikiwa juu, na kufika jioni wamechoka kuliko aliyelima, ilhali kazi yenyewe haijaguswa.

Ninachoamini ni hiki: wasiwasi na kuzama vinagombea kitu kimoja, nacho ni umakini wa mtu. Umakini ni mchache. Hebu jaribu kuwasikiliza watu wawili wanaokusimulia visa viwili tofauti kwa wakati mmoja. Utampoteza mmoja, au wote wawili. Wasiwasi ni msimulizi asiyechoka. Anakuhadithia matokeo mabaya ambayo hayajatokea, na watu watasema nini yakitokea. Ukimsikiliza yeye, kazi inakosa msikilizaji. Na ukianza kubishana naye, ukajiambia tulia, usiogope, acha ujinga, bado umakini wako uko kwake. Kwa hiyo sishauri mtu apigane na wasiwasi. Umakini upewe kazi nyingine, iliyo wazi na iliyo karibu, mpaka wasiwasi ukose pa kukaa.

Chukua chumba cha mtihani wa kidato cha nne, asubuhi ya Hisabati. Msichana amefungua karatasi. Swali la kwanza ni la logi, mada aliyoifanyia mazoezi wiki nzima. Analisoma. Analisoma tena. Mara ya tatu macho yanapita juu ya namba na hakuna kinachoingia. Kiganja chake kimelowa na karatasi inanata. Anasikia viatu vya msimamizi vikija, vikipita, vikigeuka. Kichwani mwake yumo baba aliyeuza mbuzi kulipa ada, yumo shangazi aliyesema mbele ya wageni kwamba huyu ndiye daktari wetu, yumo binamu aliyepata divisheni ziro na sasa hakuna anayemtaja. Wote hao wamejaa kwenye chumba kidogo sana.

Chumba hicho wanasaikolojia wanakiita kumbukumbu ya kazi. Ndicho unachotumia kuishikilia namba moja huku unaitafuta ya pili. Hakipanuki kwa sababu ya shida. Sian Beilock, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetumia miaka mingi kuchunguza kwa nini watu wenye uwezo huboronga wakati wanapohitajika zaidi, alionyesha kwamba katika hesabu ngumu wanaoporomoka zaidi chini ya shinikizo ni wale wenye kumbukumbu ya kazi kubwa. Wao ndio wamezoea kuitegemea; wasiwasi ukiijaza, wananyang'anywa silaha yao kuu. Hili ningependa kila mzazi na kila mwalimu alijue. Mtoto anayefanya vizuri darasani na kuanguka kwenye mtihani huambiwa mvivu, mzembe, au eti alikuwa anabahatisha. Mara nyingi ni kinyume kabisa.

Mwaka 2011, Beilock na mwenzake Gerardo Ramirez walichapisha katika jarida la Science jaribio ambalo kila shule ingeweza kulifanya bila gharama. Wanafunzi wa sekondari walipewa dakika 10 kabla ya mtihani waandike wazi hofu zao kuhusu mtihani huo. Wale waliokuwa na wasiwasi mkubwa wa mitihani walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao wenye wasiwasi kama wao walioandika mambo mengine. Kwa macho ya mtu wa kawaida ni ajabu, maana tumelelewa kuamini kwamba jambo baya likitajwa linaitwa. Lakini hofu iliyokaa kwenye karatasi haihitaji tena kushikiliwa kichwani. Baba na mbuzi wake, shangazi na wageni wake, wameshaandikwa. Wanaweza kusubiri nje mpaka saa ya kutoka.

Wengi wetu tuna njia ya zamani zaidi ya kufanya jambo hilohilo, nayo ni kutawakali. Mtu anafunga ngamia wake, anafanya sehemu yake yote, kisha anamwachia Mungu matokeo. Sidai kwamba dua ni mbinu ya saikolojia, kwani kwa anayeomba ni kubwa kuliko hapo. Nasema tu kwamba aliyeyakabidhi matokeo kwa dhati ameutua mzigo ambao ungemla umakini, na anaingia chumbani mikono mitupu, tayari kushika kalamu. Anayeomba huku bado ameyakumbatia matokeo, akihesabu kila dakika kama dua imejibiwa, hajakabidhi kitu.

Wasiwasi una tabia moja ambayo ukishaijua utaitambua kila mahali: unataka kazi iishe. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, aliangalia upya mikwaju ya penalti ya mashindano makubwa, Kombe la Dunia likiwemo. Pale ambapo mpigaji akifunga timu yake inashinda papo hapo, penalti 92 kati ya 100 ziliingia. Pale ambapo akikosa timu inatolewa papo hapo, ziliingia kama 62. Mpira ni uleule, goli ni lilelile na hatua ni zilezile kumi na mbili. Jordet aliona pia kwamba wapigaji walioelemewa humgeuzia kipa mgongo wanapoweka mpira, na filimbi ikilia tu wanakimbilia kupiga. Wanataka yaishe. Wewe na mimi tunafanya hivyohivyo tunapoijibu barua ngumu kwa mistari miwili ya haraka, au tunapokimbiza hotuba kama mtu anayefukuzwa. Kuzama ni kinyume chake: mtu hataki kutoka humo. Ndiyo maana hatua ya kwanza dhidi ya wasiwasi mara nyingi ni kupunguza kasi mwanzoni. Pumzi moja baada ya filimbi.

Hapa naongeza tahadhari, kwa sababu ushauri wa kuweka umakini kwenye kazi unaweza kueleweka vibaya. Kwa wachezaji gofu, Beilock na wenzake waligundua kwamba mzoefu akitakiwa kuufuatilia mwendo wa mikono yake wakati anapiga, anaharibu. Mwanagenzi akifanya hivyohivyo, anapiga vizuri zaidi. Anayejifunza anahitaji kuzitazama hatua moja moja. Aliyekwisha kujua azielekeze akili zake mbele, kwenye shabaha, na auachie mwili ulichofundishwa. Mpiga gambusi aliyecheza wimbo mmoja kwa miaka ishirini, siku akianza kujiuliza kidole kipi kinafuata, wimbo unavunjika mikononi mwake.

Watu huniambia, "Nikiwa bingwa hofu itakwisha." Haikwishi. Pablo Casals, mpiga selo wa Kikatalani ambaye wengi walimhesabu kuwa mkubwa kuliko wote wa karne yake, aliteswa na hofu ya jukwaa maisha yake yote. Mwaka 1901, akiwa kijana aliyekwisha kuwa na jina, alipanda Mlima Tamalpais karibu na San Francisco na marafiki. Wakati wa kushuka jiwe lilibingirika na kumponda vidole vya mkono wa kushoto, mkono unaobana nyuzi. Alisimulia baadaye kwamba wazo la kwanza lililomjia lilikuwa kumshukuru Mungu: hatalazimika tena kupiga selo. Fikiria uzito wa hofu inayomfanya mtu aone nafuu katika kupondwa vidole. Vidole vilipona, na aliendelea kupanda jukwaani mpaka uzeeni. Mwaka 1971, akiwa na miaka 94, alipiga selo mbele ya Umoja wa Mataifa. Bill Russell, nguzo ya timu ya kikapu ya Boston Celtics iliyotwaa ubingwa mara 11 akiwa nayo, alijulikana kwa kutapika kabla ya mechi kubwa. Hawa hawakusubiri wasiwasi uondoke. Walijua namna ya kuingia kazini ukiwa bado umesimama pale mlangoni.

Mfano ninaourudia mara kwa mara ni wa jirani yetu, mkimbiaji wa Kenya. Tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge aliamka mjini Vienna kabla ya saa 11 alfajiri. Mbio zilikuwa zianze saa 2 na robo asubuhi. Alikuwa anataka kukimbia kilomita 42.195 chini ya saa mbili, jambo ambalo hakuna binadamu aliyewahi kulifanya. Ulimwengu ulikuwa unatazama, na Rais Uhuru Kenyatta alikuwa amempigia simu kumtakia heri. Baada ya mbio alisema wazi kwamba presha ilikuwa kubwa, na kwamba saa zile za kusubiri ndizo zilizomwia ngumu. Angalia vizuri wapi ugumu ulikuwa: kwenye kusubiri, wakati umakini hauna kazi na wasiwasi una nafasi yote.

Kisha angalia jinsi kazi yenyewe ilivyopangwa. Saa mbili ni kitu kikubwa mno kukibeba kichwani. Lakini kilomita moja kwa dakika 2 na sekunde 50 inabebeka. Mbele yake gari lilimulika mistari ya kijani barabarani kuonyesha kasi inayotakiwa, na wakimbiaji 41 walipokezana kwa makundi kumkinga upepo. Kila hatua ilikuwa na jibu lake pale chini kwenye lami: uko sawa, hauko sawa. Kilomita zake zote zilienda kati ya dakika 2 na sekunde 48 na dakika 2 na sekunde 52. Alimaliza kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40.

Na ugumu ulikuwa umepimwa. Miaka miwili kabla, Mei 2017, kwenye uwanja wa mbio za magari wa Monza, alikimbia umbali huohuo kwa saa 2 na sekunde 25. Kwa hiyo Vienna hakwenda kuruka mto asioujua upana wake. Alijua kilichobaki ni sekunde kadhaa, na alijua miguu yake imefanya nini Jumanne hadi Jumanne, kwani kwenye kambi ya Kaptagat huandika mazoezi yake kwenye daftari. Daftari kama hilo nalipenda kuliko vifaa vyote vilivyozungumzwa kuhusu mbio zile. Wasiwasi ukija na swali lake, utaweza kweli?, moyo peke yake hauna cha kujibu zaidi ya matumaini. Daftari lina tarehe na dakika.

Kuna pia tabasamu lake. Kilomita za mwisho, wengine wanapokunja uso, yeye hutabasamu, na amesema hufanya hivyo makusudi ili kuyapunguza maumivu. Mwaka 2018 watafiti waliwapima wakimbiaji 24 kwenye mashine ya kukimbilia. Walipotabasamu walitumia oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 3 kuliko walipokunja uso. Si kingi, lakini kinaonyesha kwamba mwili na akili havina ukuta kati yao, na kwamba unaweza kuanzia upande wowote.

Tuanzie basi upande wa mwili. Moyo unaokwenda mbio kabla ya usaili, viganja vinavyolowa, pumzi fupi: hizi ni dalili za adrenalini, na adrenalini haijui tofauti kati ya hofu na hamu. Mtoto anayesubiri asubuhi ya Idi ana moyo uleule. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Harvard aliwataka watu waimbe karaoke mbele ya wengine, watoe hotuba, wafanye hesabu. Waliojiambia kwamba wana hamu ya kufanya jambo hilo walifanya vizuri kuliko waliojiambia kwamba wana wasiwasi, na kwenye hotuba na hesabu waliwapita hata waliojiambia watulie. Mapigo ya moyo hayakushuka. Kilichobadilika ni maana yake. Kutoka kwenye mchecheto kwenda kwenye utulivu ni safari ndefu, na dakika tano kabla ya kuitwa huna muda huo. Kutoka kwenye mchecheto kwenda kwenye hamu ni hatua moja. Mwambie anayetetemeka kwamba mwili wake unajiandaa, na utakuwa umemwambia ukweli.

Pale ambapo mwili umezidi, hata hamu haiingii, tumia pumzi ya kutoka. Moyo huongeza kasi kidogo unapovuta hewa na kuipunguza unapoitoa, hivyo anayetoa pumzi taratibu na kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta anaushika moyo wake kwa kamba ndefu lakini ya kweli. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwajaribisha watu kwa dakika 5 kila siku kwa mwezi mmoja, wakivuta pumzi mara mbili kwa pua na kuishusha polepole kwa mdomo, kama mtu anayeshusha pumzi baada ya kutua mzigo. Hisia zao njema ziliongezeka, zaidi hata ya waliofanya tafakuri ya kukaa kimya. Bibi yangu alishusha pumzi namna hiyo kila alipokaa kwenye mkeka, na hakuna aliyemfundisha.

Lakini mwili ukitulia na kazi ikabaki haieleweki, wasiwasi utarudi baada ya dakika tatu. Kwa hiyo rudi kwenye kazi yenyewe, uikate. Hapa mwalimu wangu mkubwa ni mchezo wa bao. Mashimo 32, kete 64, na wachezaji wawili waliokaa barazani huku watu wamewazunguka wakiwakejeli na kuwashauri vibaya. Mtazame mzee anayenamua. Ameshika kete moja kati ya vidole viwili, hajaiweka. Macho yake yanatembea mbele ya mkono: ataila ipi, atasambaza kutoka kichwa kipi, zitalala wapi. Mtu anamuuliza kuhusu kikao cha msiba cha kesho, hasikii. Chai yake imepata utando. Kisha anaweka, kete zinagonga mti kwa haraka, shimo kwa shimo, na baraza zima linajua kabla yake kama amepatia. Hapo kuna kila alichokieleza Csikszentmihalyi: lengo wazi, jibu la papo hapo, na mpinzani ambaye mchezaji mwenye busara amemchagua kwa sababu anamzidi kidogo. Mzee huyohuyo anaweza kuwa na deni na mguu unaomuuma.

Kazi zetu nyingi hazina umbo hilo, tunalazimika kulitengeneza. "Kuandika ripoti" haina shimo wala kete. Haikuambii uanzie wapi, wala haikujibu ukianza. Lakini "kuandika kwa aya moja kwa nini mauzo ya Machi yalishuka" unauona mwisho wake ukiwa umekaa. Nikiona mtu amekwama na wasiwasi juu ya kazi anayoiweza, karibu kila mara nikimuuliza tendo linalofuata ni lipi, hana jibu. Ana jina la mradi tu. Na kama tendo linalofuata linajulikana na bado linatisha, basi wasiwasi unasema kweli: uwezo bado haujafika. Hapo dawa ni kujifunza kwa aliyetangulia, au kuchukua kipande kidogo zaidi, na hakuna aibu katika lolote kati ya hayo. Wasiwasi wa namna hii ni kipimo. Unakuonyesha uko upande gani wa ile njia nyembamba na kwa kiasi gani.

Simu nayo iondoke chumbani. Sina la kuongeza.

Nisiposema jambo moja baya juu ya kuzama nitakuwa sijamtendea haki msomaji. Mwanaanthropolojia Natasha Dow Schüll aliwachunguza wacheza kamari wa mashine huko Las Vegas, akachapisha kitabu mwaka 2012. Walimweleza kwamba hawachezi ili washinde. Wanacheza ili wabaki ndani ya hali ambamo muda, deni na dunia vinapotea. Wengine walikerwa wakishinda, kwa sababu ushindi uliwakatisha. Hali hiyo inafanana na kuzama kwa sura: jibu la papo hapo, nafsi kimya, wasiwasi umekosa pa kukaa. Vijana wetu wanaobeti usiku kucha kwenye simu wanaijua, na naumia kuona wanavyoitwa wapumbavu tu, kana kwamba hawakimbii kitu. Tofauti iko kwenye uwezo. Mcheza bao wa mwaka huu anamshinda yeye mwenyewe wa mwaka jana. Aliyekaa mbele ya mashine miaka kumi hajaongeza ujuzi hata chembe, na wasiwasi aliouacha nje umekua kwa kiasi cha fedha alizopoteza.

Kuna pia wasiwasi ambao sura hii haiuwezi. Ukidumu kwa miezi, ukikunyima usingizi na chakula, ukikushika ghafla kifuani mpaka udhani unakufa, huo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, na una matibabu. Nenda hospitali, umweleze daktari kila kitu bila kupunguza. Na kuna wasiwasi wa kodi ya nyumba isiyolipwa. Huo nao hautaki pumzi, unataka fedha au mazungumzo na mwenye nyumba; yafanye kwanza, kisha urudi kazini.

Kwa siku nyingine zote, saa mbaya zaidi ni ya kuanza. Kuzama hakupatikani ukibisha hodi mara moja. Dakika kumi au kumi na tano za mwanzo ni nzito kwa karibu kila mtu, na wengi huondoka humo wakidhani leo si siku yao. Mafundi cherehani wana desturi nzuri. Fundi mzuri hafungi kibanda jioni akiwa amemaliza kipande. Huacha kitambaa mezani kimepimwa, kimechorwa chaki na kubanwa pini, mkasi juu yake, ili asubuhi mkono uwe na kazi kabla kichwa hakijaanza maneno. Ernest Hemingway aliwashauri waandishi vivyo hivyo: simama wakati bado unajua kinachofuata. Nimelifuata hilo kwa kitabu hiki. Kila jioni nauacha ukurasa sentensi ikiwa nusu, na pembeni naandika kwa kalamu ya risasi maneno matatu au manne ya yatakayofuata. Asubuhi wasiwasi unanikuta tayari namalizia sentensi.